Kwa Nini Septiki Hujaa Mvua Ikianza: Maelezo kwa Wenye Ploti na Wapangaji wa Nyanchwa

Mvua ya masika ikishika kasi kati ya Machi na Mei, tatizo la ploti nyingi za mitaa ya milimani kama Nyanchwa huwa ni lile lile. Choo kinakataa kumeza maji, menholi ya nyuma ya nyumba inafurika, na harufu inaingia hadi jikoni. Mwenye ploti akipigiwa simu husema septiki imejaa. Gari la kunyonya majitaka, ambalo wengi wetu tunaliita eksosta, linaagizwa na kulipwa. Wiki mbili baadaye mvua nyingine kubwa inanyesha na menholi inafurika tena. Hapo lawama huanza: mpangaji anamlaumu jirani mwenye watoto wengi, mwenye ploti anamlaumu fundi, na fundi anasema mwenye eksosta hakunyonya hadi chini.

Mara nyingi wa kulaumiwa ni paa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya kupangisha yenye paa la mita 20 kwa 10 ina eneo la mita 200 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 40 jioni moja, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote hapa kwetu mwezi wa Aprili, paa hilo limepokea lita 8,000. Septiki ya ukubwa unaoonekana katika ploti nyingi, yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kina cha maji cha mita 1.5, hubeba lita 6,750. Kwa hiyo kama gata za nyumba zimeelekezwa kwenye menholi, mvua ya jioni moja inatosha kuijaza septiki nzima hata kama eksosta iliinyonya ikabaki tupu asubuhi hiyo hiyo.

Mafundi hufanya hivyo kwa sababu menholi iko karibu na bomba la gata ni fupi. Wenye ploti hukubali kwa sababu maji yanatoweka machoni. Vivyo hivyo sehemu ya kufulia iliyo uani. Ikiwa sakafu yake imeinamia kwenye shimo linalopeleka maji septiki, na haina ukingo wa kuzuia maji ya mvua, basi ua wote unamwaga maji humo. Kabla ya kuagiza eksosta msimu huu, simama nje mvua ikinyesha uangalie maji ya paa na ya uani yanaelekea wapi. Gharama ya kugeuza bomba la gata ni ndogo, na kazi yenyewe huisha kwa siku moja.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Paa hilo hilo la mita 200 za mraba hupokea zaidi ya lita 300,000 kwa mwaka. Wapo wakazi wa Nyanchwa wanaonunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi huku maji ya paa lao yakienda kuharibu septiki yao wakati wa mvua.

Septiki hufanya kazi gani

Septiki si shimo la kutupia, na wala haimalizi uchafu. Ni chombo cha kutenganisha. Majitaka yakiingia hutulia, vitu vizito huzama chini na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea juu na kufanya utando, na katikati hubaki maji ambayo hayana uchafu mwingi wa kuonekana kwa macho. Maji hayo ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la kufyonza, ambako udongo huyachuja polepole. Bakteria wanaoishi bila hewa hula sehemu ya tope na kulipunguza, lakini hawalimalizi. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi na bakteria hao hufanya kazi taratibu kuliko wenzao wa Mombasa au Kisumu.

Ili mambo yatulie, septiki nzuri hugawanywa vyumba viwili kwa ukuta wa ndani, na chumba cha kwanza huchukua kama theluthi mbili za ukubwa wote. Bomba la kuingilia na la kutokea huwekwa kiungo cha umbo la T ili maji yasivuruge utando wala kuutoa nje. Maji yanapaswa kukaa ndani angalau siku moja. Kama hayapati siku hiyo, uchafu hutoka nayo na kuziba vitundu vya udongo katika shimo la kufyonza. Shimo likishaziba, kunyonya septiki hakutalizibua. Itabidi kuchimba jipya.

Kutokana na maelezo haya mwenye ploti anaweza kujua jambo moja linalookoa pesa nyingi: septiki iliyo salama huwa imejaa maji siku zote. Ukifunua mfuniko ukaona maji yamefika usawa wa bomba la kutokea, hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Ukiona maji yamepanda juu ya bomba hilo, tatizo liko mbele, yaani kwenye shimo la kufyonza au bomba linaloelekea huko. Na ukiona maji yako chini ya bomba la kutokea ingawa nyumba ina watu na vyoo vinatumika, usifurahi. Septiki inavuja, na uchafu ambao haujatenganishwa unaingia moja kwa moja ardhini. Wapo wanaojisifu kwamba septiki yao haijawahi kunyonywa kwa miaka 15. Kwa ploti yenye wapangaji, sifa hiyo karibu kila mara maana yake ni kwamba sakafu ya septiki imepasuka, au haikujengwa kabisa.

Vyumba vikiongezeka, septiki haikui

Nyanchwa ya leo si ile ya miaka ishirini iliyopita. Mahali palipokuwa na nyumba moja ya familia sasa pana ghorofa ya kupangisha, na wapangaji wake ni wanafunzi, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa mjini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, katika eneo dogo la takriban kilomita 1,320 za mraba. Hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Ardhi haiongezeki, kwa hiyo nyumba zinapanda juu. Septiki hubaki pale pale ilipojengwa.

Tuchukue tena septiki yetu ya lita 6,750. Ploti ina vyumba 12 vyenye watu watatu kila kimoja, jumla watu 36. Kila mtu akitumia lita 50 za maji kwa siku, septiki inahitaji nafasi ya lita 1,800 ili maji ya siku moja yatulie. Wahandisi hukadiria kwamba mtu mmoja huacha takriban lita 40 za tope kwa mwaka, basi watu 36 wataacha lita 1,440. Ukitoa nafasi ya maji, septiki inabaki na lita 4,950 za kuhifadhi tope, na hiyo inatosha miaka mitatu na miezi kadhaa.

Sasa mwenye ploti anajenga ghorofa ya pili. Vyumba vinakuwa 24 na watu 72. Maji ya siku moja ni lita 3,600 na tope la mwaka ni lita 2,880. Nafasi iliyobaki ya tope ni lita 3,150. Itajaa baada ya miezi 13 hivi. Watu wameongezeka mara mbili, lakini muda wa kunyonya haukupungua kwa nusu, umepungua kwa theluthi mbili. Mwenye ploti aliyezoea kuita eksosta kila baada ya miaka mitatu ataendelea hivyo, na kwa karibu miaka miwili ya hiyo mitatu septiki yake itakuwa inapitisha uchafu tu kwenda kwenye shimo la kufyonza.

Hesabu hii unaweza kuifanyia ploti yako kwa penseli na karatasi. Pima septiki kabla mafundi hawajaifunika, na uandike vipimo hivyo mahali ambapo mtoto wako pia ataviona. Septiki nyingi mtaani zimefunikwa kwa saruji na gari likaegeshwa juu, na hakuna anayekumbuka zina ukubwa gani wala mfuniko uko wapi. Kama unaongeza vyumba, mwulize mchoraji ramani wa jengo lako kuhusu septiki siku ile ile unayomwuliza kuhusu nguzo.

Anayetaka kujua kiasi cha tope bila kukisia anaweza kutumia mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe cha taulo. Uteremshe polepole hadi sakafuni, usubiri dakika chache, kisha uutoe. Sehemu iliyoshika tope jeusi itaonekana wazi. Tope likifika theluthi moja ya kina cha maji, anza kupanga safari ya eksosta. Kazi hiyo ifanywe na watu wawili wakiwa wamesimama pembeni mwa mfuniko, bila kuinamia ndani na bila sigara wala moto wowote karibu.

Kuhusu unga na dawa zinazouzwa kwamba zinamaliza tope ili usihitaji tena eksosta, jibu ni fupi. Bakteria wa kutosha wameshatoka tumboni mwa wapangaji. Hakuna dawa inayochukua nafasi ya kunyonya.

Mteremko unaelekea kwa jirani

Nyanchwa ni kilima, na maji ya kilima hayakai juu. Yanateremka kwenye vijito vya Nyanchwa na Nyakomisaro vinavyopita pembeni na katikati ya mji, yanaingia mto Riana, kisha Gucha, na mwishowe Ziwa Viktoria. Njiani kuna wanaofua, wanaonywesha ng'ombe, wanaomwagilia sukuma wiki na chinsaga za kuuza sokoni, na wanaoteka maji ya nyumbani. Mwenye ploti anayefungulia septiki yake kwenye mtaro usiku wa mvua, akitumaini mvua itaficha, amempelekea jirani wa bondeni majitaka, na jirani huyo anaweza kuyala kesho kwenye mboga.

Kinachoendelea chini ya ardhi hakionekani hata kwa mwenye nia njema. Udongo wetu mwekundu ni mzuri kwa kuchuja maji: ni wa kina na hauna tope zito la bondeni. Lakini unahitaji nafasi. Shimo la kufyonza linapaswa kuwa mbali na kisima au chemchemi kwa angalau mita 30, na sakafu yake iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Mahali penye mwamba karibu, maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa, na hata hizo mita 30 hazitoshi.

Tatizo la mitaa yetu ni kwamba ploti nyingi ni za futi 50 kwa 100, maarufu kama hamsini kwa mia. Futi 100 ni takriban mita 30. Hiyo ina maana kwamba umbali unaotakiwa kati ya kisima na shimo la kufyonza ni urefu wote wa ploti, kutoka lango hadi ua wa nyuma. Unaweza kuweka septiki yako kona moja na kisima chako kona nyingine ukafikiri uko salama, kumbe shimo la kufyonza la jirani liko mita nne kutoka kisimani mwako, nyuma ya ukuta. Kabla ya kuchimba kisima, panda juu ya ukuta uulize jirani septiki yake iko wapi. Na kama tayari una kisima kati ya ploti zilizosongamana, maji yake yatumike kufulia na kuosha nyumba. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata kama ni maangavu, kwa sababu viini vya kipindupindu na homa ya matumbo havibadilishi rangi ya maji.

Bomba likiziba ndani ya nyumba

Si kila choo kilichokataa ni septiki. Wakati mwingine ni bomba tu, na unaweza kujua wewe mwenyewe bila kulipa mtu. Funua menholi moja baada ya nyingine kuanzia nyumba hadi septiki. Kama ya juu imejaa na inayofuata ni kavu, kizibo kiko kati ya hizo mbili. Kama zote zimejaa, tatizo liko septiki au mbele yake. Kama zote ni kavu na choo chako kimejaa, kizibo kiko ndani ya nyumba. Ukimwita fundi bomba ukamweleza hivyo, hatakuwa na sababu ya kuvunja sakafu akitafuta.

Vinavyoziba mabomba vinajulikana: pampasi, sodo, vitambaa, nywele, majani ya chai, mabaki ya ugali, na zaidi ya vyote mafuta ya kupikia. Mafuta humwagwa sinki yakiwa moto na laini, yakifika kwenye bomba lililo ndani ya udongo baridi yanaganda kama mshumaa. Wenye hoteli na vibanda vya chipsi wanahitaji kinasa mafuta, yaani kisanduku kinachoyazuia kabla hayajaingia bombani, na wakisafishe kila wiki.

Fundi hutumia springi ya chuma au fito ndefu za kuunganisha, akianzia menholi iliyo kavu na kusukuma kuelekea iliyojaa. Kemikali kali zinazochemka bombani zitumike kwa nadra. Zinaunguza ngozi na macho, zinalegeza viungo vya mabomba ya plastiki, na zinaua bakteria wa septiki. Na kwa hali yoyote usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo inaweza kumuua anayesafisha.

Unapochagua fundi, mwombe akuonyeshe cheti chake cha mtihani wa ufundi wa NITA au cha chuo cha kiufundi. Wapo mafundi hodari wasio na karatasi, hilo hatulikatai, lakini yule mwenye karatasi ana kitu cha kupoteza akikuharibia.

Asiingie mtu ndani

Sehemu hii tunaomba isomwe na kila mwenye ploti, kila keateka, na kila kijana anayetafuta kibarua.

Hapa Kenya watu hufa ndani ya septiki na vyoo vya shimo, na mara nyingi hawafi mmoja mmoja. Anaingia wa kwanza kuokota simu, kuzibua bomba au kuchota tope kwa ndoo. Anaanguka. Ndugu yake anadhani ameteleza, anaruka kumsaidia, naye anaanguka. Jirani wa tatu anafuata. Hakuna aliyezama. Gesi ndiyo imewaua.

Tope likioza bila hewa hutoa gesi kadhaa. Methane huwaka na kulipuka. Kaboni dayoksaidi husukuma hewa safi nje na kukaa chini. Haidrojeni salfaidi ndiyo yenye harufu ya yai bovu, na ndiyo hatari zaidi kwa sababu ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa kabla ya kumwua mtu mwenyewe. Kwa hiyo yule anayesema "harufu imeisha, naweza kuingia" ndiye aliye katika hatari kubwa. Tope lililotulia linaweza pia kuwa limefungia gesi ndani yake, na mguu wa kwanza ukilikanyaga gesi inatoka yote kwa mara moja. Kuacha mfuniko wazi usiku kucha hakutoshi. Kuteremsha mshumaa au taa ya moto kupima hewa ni kualika mlipuko.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ina masharti kuhusu kazi katika sehemu zilizofungika zenye gesi hatari, na masharti hayo yanamhusu pia mwenye ploti anayemlipa kijana wa mtaani pesa kidogo ili aingie. Hahitajiki kuingia. Eksosta hunyonya kwa bomba kutoka juu. Tope likiwa zito linalegezwa kwa maji ya mpira huku mtu akiwa nje. Kazi inayolazimu mtu aingie ni ya kampuni yenye kipima gesi, mashine ya kuingiza hewa, kamba ya kumvuta na watu wa kusubiri juu.

Mtu akianguka ndani, usimfuate. Piga 999 au 112, ita zimamoto, na mteremshie kamba kama bado anaweza kuishika. Hilo ni gumu kuliambia jamaa yake aliyesimama juu akimwona, tunalijua, na ndiyo maana liambiwe familia sasa, kabla ya siku hiyo. Mifuniko nayo iwe ya saruji nzima au chuma chenye kufuli. Mbao zilizooza juu ya septiki ni mtego wa watoto.

Eksosta inapeleka wapi

Ukishamlipa mwenye eksosta, uchafu wako haujawa wa mtu mwingine bado. Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo, na uulize atamwaga wapi. Majitaka ya mji wetu husafishwa katika mabwawa ya Suneka, ambako maji hupitishwa kutoka bwawa hadi bwawa yakitulia na kusafishwa na jua, hewa na viumbe wadogo. Hapo ndipo tope la septiki linapaswa kufika. Bei ikiwa ya chini kuliko ya wengine wote, jiulize ni mto gani unaolipa tofauti hiyo.

Uliza pia gari linabeba lita ngapi. Gari la lita 5,000 haliwezi kumaliza septiki ya lita 6,750 kwa safari moja, na likinyonya maji ya juu tu likaacha tope, umelipia maji. Simama hapo kazi inapofanywa. Mwambie aanze chini, kwenye tope la chumba cha kwanza. Si lazima septiki ibaki safi kabisa, kiasi kidogo cha tope kikibaki kinaanzisha tena kazi ya bakteria. Andika tarehe.

Nani anawajibika

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na kiwango cha kuridhisha cha usafi. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la huduma za maji na usafi. Kati ya hayo mawili kuna mwenye ploti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza katika kifungu cha 115 mtu yeyote kusababisha kero inayohatarisha afya, na majitaka yanayofurika ni kero kwa maana ya sheria hiyo. Afisa wa afya ya umma anaweza kutoa ilani ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, na asiyetii hufikishwa mahakamani. Kasoro ikiwa ya ujenzi, kama septiki ndogo au iliyopasuka, ilani humwendea mwenye nyumba, si mpangaji. Anayemwaga majitaka mtoni anavunja pia Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo kifungu chake cha 72 kinakataza kuchafua maji.

Mpangaji naye asijifiche nyuma ya kodi. Pampasi haikutupwa chooni na mwenye ploti.

Anayetaka kulalamika aende kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake, au aulize ofisi ya msimamizi wa wadi aelekezwe. Andika mahali, siku majitaka yalipoanza kufurika, na yanaelekea wapi: barabarani, kwenye chemchemi, au kwenye ua wa jirani. Picha iliyopigwa kwa simu inasaidia sana. Wapangaji wakiandika pamoja, malalamiko hayo huwa na uzito kuliko ya mmoja, na si rahisi mtu mmoja kufukuzwa nyumba kwa ajili yake.

Kwa nyumba zilizo karibu na mfereji mkuu wa majitaka, ulizeni Kampuni ya Maji na Usafi ya Gusii, GWASCO, kuhusu kuunganishwa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya moja tu kati ya kumi nchini Kenya hutumia mfereji mkuu, na kwa hapa kwetu mteremko na mawe hufanya uchimbaji wake kuwa ghali, kwa hiyo wengi wetu tutaendelea na septiki kwa miaka mingi. Anayeunganishwa akumbuke kwamba maji ya paa hayaruhusiwi humo pia, kwa sababu hufurisha menholi za mtaa mzima wa chini.

Septiki ya zamani isiachwe ilivyo. Inyonywe, sakafu yake itobolewe ili maji yasikusanyike, kisha ijazwe mawe na udongo na kushindiliwa hadi juu. Shimo tupu lenye mfuniko wa saruji unaochakaa litabaki hapo muda mrefu baada ya kila anayelijua kuhama.